Mama Mkwe Kwenye Keria

Jamani, leo nimemkatalia mama mkwe barabarani, na mke bado ninaye!

Nilimpakia kwenye keria ya baiskeli na kapu lake la ufuta, tunatoka Nambambo kwenda gulioni Nachingwea.
Kufika njia panda, lori la wazungu wa mashamba ya karanga, lenye tela la magogo, likapunguza mwendo mbele yetu. Kushoto kwake pakabaki upenyo.

"Pita hapo, mkwe! Tukichelewa, ufuta wangu nani atanunua?"

Utingo alikuwa ameshatoa mkono dirishani: wanakata kushoto.
Nikafunga breki nyuma ya tela.

"Binti yangu kaolewa na mwoga!"
Njia panda nzima ikasikia. Mimi nikakaza breki tu. (Mkwe hajibizwi, mnajua wenyewe.)

Lori likakata kona. Kichwa kilipita mbali, lakini tela likaubana ule upenyo wote, likasaga na kichaka cha pembeni.

Mama akakitazama kile kichaka.
Gulioni sasa, kila mnunuzi anaambiwa: "Huyu ndiye mkwe!"

Jioni tunarudi, tukakuta lori bovu, halina hata tairi, limekalishwa juu ya mawe.
Nikagongwa mgongoni.

"Subiri kwanza, mkwe. Huyu hajakata kona."

Nikasubiri. Nyie mngepita?