Maji Aliyoyaonja Eldbjørg

Ukitaka kumjua Eldbjørg Myrnes, fundi wa hita za boti pale Skarvvika, bandari ndogo ya wavuvi kaskazini kabisa, mtazame siku anapofungua bomba la hewa moto lililokaa miaka. Ni bomba jepesi, linakunjika kama mkono wa koti, na hupita chini ya vitanda na nyuma ya makabati kupeleka joto kila pembe ya kebini. Akikuta maji ndani yake, Eldbjørg huchovya kidole, kisha hukilamba.

Gatini watu humcheka. "Eldbjørg, supu imeiva?"

"Bado chumvi," huwajibu, anatema mate, anaendelea na kazi.

Chumvi ndiyo hasa anayoitafuta. Maji yasiyo na ladha ni mvuke uliopoa tu. Yakiwa na chumvi, bahari imepata pa kuingilia. Mama yake, aliyekuwa fundi kabla yake, ndiye aliyemfundisha. Lakini tangu alipoitengeneza boti ya mzee Hilmar, kidole hicho husita kidogo kabla ya kufika mdomoni.

Hilmar alikuwa mvuvi wa chewa. Boti yake, Terna, waliinunua yeye na mdogo wake Arnulf, na kebini yake iliwatosha watu wawili mradi wasinuniane. Majira fulani ya baridi Arnulf aliteleza akaenda na maji, wala mwili wake haukuonekana. Hilmar aliendelea kuvua peke yake. Kitanda cha Arnulf kilibaki kimetandikwa, na koti lake la mpira, la njano, likabaki limetundikwa ndani ya kabati la omo, mbele kabisa ya boti.

Kisha Hilmar akaanza kuwaambia watu kwamba Arnulf anapumua.

Jostein, mwanawe, alimfuata Eldbjørg karakanani. "Mama fundi, nisaidie. Baba anasema marehemu anakoroma kwenye boti. Ukikuta ni hita, sawa, abaki na boti yake. Kama si hita, mimi mnunuzi ninaye, na mzee ataenda kwenye nyumba ya wazee."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema akitolewa kwenye ile boti, tumchimbie kaburi kabisa."

Wakaenda mchana, mchana ule wa Desemba ambao hauna tofauti na usiku, jua limeshaaga tangu mwezi uliopita na theluji ndiyo pekee inayong'aa. Hilmar alikuwa amechemsha kahawa. Jostein akainua mfuniko wa sakafu ili fundi apate kuona chini, akauweka pembeni kichwa chini.

"Geuza!" Hilmar akapiga kelele, kahawa ikamwagika. "Geuza hiyo, we mtoto!"

"Baba, boti imefungwa gatini hii!"

"Mfuniko ukilala chali, boti nayo hujifunza kulala chali. Nani alikulea wewe?"

"Wewe."

"Basi nilichoka mapema."

Jostein akacheka, lakini aliugeuza. Mambo hayo alisema hayaamini. Mkono wake tu ndio uliokataa kuuacha vile.

Eldbjørg akawasha hita. Ikavuma, ikapata moto, na hewa vuguvugu ikaanza kutoka kwenye matundu yake. Wakatega masikio wote watatu.

Sauti ikaja kutoka omo. Pumzi ndefu, nzito, ya kuvutwa kwa shida, kisha gologolo la maji kooni, kisha pumzi tena. Umewahi kumsikia mtu aliyeopolewa baharini akipigania hewa? Ndivyo ilivyokuwa. Jostein akawa mweupe kuliko theluji ya nje.

"Anaamka hita ikiwaka," Hilmar akasema polepole. "Siku zote."

Eldbjørg akafungua kabati. Koti la Arnulf lilikuwa limelowa chapachapa, na lilikuwa likijaa na kunywea, likijaa na kunywea. Akashika kola. Ilikuwa na joto, kama mtu amelivua sasa hivi.

Alikuwa na woga kama wewe na mimi, ila mikono yake ilizoea kufanya kazi huku moyo ukienda mbio. Akaingiza tochi nyuma ya koti. Kulikuwa na mdomo wa bomba ambao haukupaswa kuwepo.

"Nani aliweka hili?"

Hilmar akatazama kikombe chake. "Mimi. Alikuwa anaona baridi."

Basi mambo yakajieleza. Mzee alikuwa ametoa tawi kwenye bomba kubwa, akalipeleka kabatini bila kulifunga vizuri, nalo likaning'inia katikati kama tumbo la mbuzi. Kabati halikuwa na tundu la kurudisha hewa. Joto liliingia, likagusa ubavu wa baridi wa boti, likageuka maji. Maji yakatiririka, yakajikusanya kwenye lile tumbo, na kila hita iliposukuma hewa, hewa ililazimika kupasua maji.

"Kwa hiyo ni maji tu?" Jostein akauliza, na sauti yake ikarudi utu uzima. "Maji tu!"

Eldbjørg akalifungua lile tawi, akamimina maji yake kwenye kopo. Akachovya kidole. Akalamba.

Chumvi. Chumvi kali ya katikati ya bahari.

Akamulika ubavu, hapakuwa na ufa. Akamulika ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, vumbi tupu. Labda ni koti, akajiambia. Lakini koti lilining'inia chini ya mdomo wa bomba, na maji hayapandi.

"Vipi?" Jostein akauliza.

Akisema chumvi, ingeonekana boti inavuja, na boti inayovuja haiachiwi mzee.

"Mvuke," akasema. "Mvuke uliopoa."

Akaling'oa tawi lote, akaziba tundu lake kwenye bomba kubwa. Hita ikawashwa upya. Kimya. Jostein akampiga baba yake begani. "Haya mzee, boti yako hiyo. Uache kutusumbua." Akapanda gatini kumpigia simu mnunuzi, amwambie boti haiuzwi tena.

Hilmar hakufurahi. Alikaa akisikiliza ile nafasi ambapo zamani palikuwa na sauti.

"Uliyaonja," akasema.

"Niliyaonja."

"Hata mimi. Msimu uliopita." Akasogeza kikombe. "Sitaki anikoromee, mwanangu. Lakini huko aliko ni baridi."

Eldbjørg akashika tena vifaa vyake. Akatoa kizibo, akalirudisha tawi, safari hii kwa njia fupi, limefungwa mikanda mwanzo hadi mwisho, likipanda tu bila kushuka popote. Akakata matundu chini ya mlango wa kabati ili hewa ipate kurudi. Kazi safi, ambayo haiwezi kutuamisha hata tone.

Mwishoni akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba kupima, kama afanyavyo kila mahali. Hewa ikaja moto, kavu, sawasawa.

Kisha, kidogo tu, ikavutwa kurudi ndani.

Eldbjørg akaondoa mkono. Akafunga kabati taratibu, asije akamgutusha mtu.

"Anapata joto," akamwambia Hilmar.