Pembe Mia Tatu na Kumi na Mbili

Niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Kamugisha wa bweni letu, maana yeye huongeza chumvi: ni mimi niliyekata pembe za karata za Padre Anselmi, karata sabini na nane, kila moja pembe nne, kwa wembe nilioazima kwa kijana wa kidato cha nne (mimi ndevu sina, ziko njiani), na sikuwa nimelewa rubisi wala kuingiwa na pepo, ingawa nimeulizwa yote mawili, la pepo nikaulizwa na katekista.

Kwanza muelewe karata zenyewe, maana si hizi mnazojua za shupaza na kopa. Zinaitwa taroti, na ndani yake kuna watu wazima kabisa wenye mavazi: mfalme, malkia, Baba Mtakatifu na fimbo yake, Ibilisi mwenye miguu ya kuku, na Kifo, ambaye ni mifupa mitupu inafyeka shamba. Siku hizi wapiga ramli wa Ulaya wanazitumia, lakini Padre alinieleza kwamba kwao, milimani, wazee walikuwa wanacheza nazo tu mchana kutwa na kugombana kama wazee wetu na bao.

Padre Anselmi ni mzee wa parokia yetu huku Ijumbi, na alikuja na meli akiwa kijana. Siku anaondoka kwao, mama yake alimtia pakiti hiyo mfukoni akamwambia, "Hizi alizichezea baba wa babu yako." Hawakuonana tena, mama akafa. Sasa juzi juzi mpwa wake akamwandikia kwamba karata za namna hiyo zimejaa madukani kwao, zinatolewa na mashine, na bila shaka bibi yake, yaani mama yake Padre, alizinunua sokoni akatunga hadithi ili kijana asilie melini.

Lile neno lilimkaa Padre kama mwiba. Akaniambia, "Fideli, sijali kama ni za zamani au za jana. Nataka kujua kama mama yangu alinidanganya."

Mimi niliingia humo kwa sababu macho ya Padre yana mtoto wa jicho na mwandiko wangu ni mzuri (ndicho kitu pekee kizuri kwenye ripoti yangu). Bruda Rufini, ambaye kabla ya utawa alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, alikuwa aje mwisho wa mwaka kuzitazama, na Padre akataka kila karata iwe imeandikwa daftarini kabla hajafika. Akanifundisha alama za kutafuta. Rangi zikiwa zimetoka nje ya mistari, kama mchoro wa mtoto wa shule ya vidudu, basi zilipakwa kwa mkono juu ya kibati kilichotobolewa, na hiyo ni dalili ya uzee. Karatasi ya mgongoni ikiwa imekunjwa ikarudi mbele kama pindo la gauni, uzee. Pembe zikiwa kali, uzee, maana pembe za mviringo zilikuja na mashine. Na kubwa kuliko zote, muhuri wa kodi wa serikali yao, uliogongwa kwenye karata moja tu, na kwa kuwa mihuri ilibadilishwa badilishwa, ukiusoma umejua umri.

Nikafanya kazi kwa bidii, mnisifu hapo. Rangi: zimetoka nje. Pindo: lipo. Pembe: kali, zote. Muhuri: hakuna. Kwenye karata yenye duara moja kubwa nikaandika, "Doa la wino, pembeni chini, mtu mchafu." Shule ikafunguliwa sijamaliza, Padre akaniruhusu nizibebe hadi Bukoba ndani ya kopo la biskuti. "Asizishike mtu," akasema.

Jumamosi ya kwanza, tumetoka kupalilia migomba ya shule kwa jina la kujitegemea, mikono imechubuka, redio ya bweni imekufa betri, nikalifungua kopo. (Asizishike mtu, sawa, lakini Kamugisha si mtu, ni Kamugisha.) Tukagawana, tukaanza kucheza, na zile pembe zinashikana, zinachoma viganja, ukichanganya zinatawanyika sakafuni.

Kamugisha akasema, "Hizi ni karata au vigae vya paa?"

Wote wakacheka, nami nikaumia, maana nilishajitangaza bingwa wa karata za kale. Nikachukua wembe nikakata pembe moja. Moja tu, ya kumwonyesha. Ikawa laini kweli. Lakini karata yenye pembe moja ya mviringo inachekesha, kwa hiyo nikamalizia zile tatu. Sasa tatizo: karata moja ikiwa tofauti kila mtu anaijua ilipo, mchezo hakuna tena, kwa hiyo ilibidi na ya pili ikatwe, na ya tatu, na mnaona wenyewe kwamba hapakuwa na mahali pa kusimama. Nilikata hadi kengele ya chakula, nikafuatisha kizibo cha soda ili zilingane, na kusema kweli zililingana.

Nilipoziangalia zote zimepangwa ndipo nikakumbuka neno "kali, zote" lililoko daftarini.

Basi nikaanza kufunika. Nikafuta "kali" kwa raba nikaandika "mviringo". Kingo zilikuwa nyeupe kama meno mapya, nikazipaka chai ya rangi hadi zikazeeka. Vile vipande nikataka kuvitupa chooni, ila cha juu kabisa kilikuwa na ncha ya joho la Baba Mtakatifu, na mimi ni mkorofi lakini nina mipaka, siwezi kumtupa Baba Mtakatifu chooni hata kwa kipande. Nikavifunga kwenye karatasi ya sukari nikarudi navyo nyumbani likizo. Sasa nyumbani mama yangu hufungua sanduku langu kabla hata sijamwamkia, anatafuta nguo za kufua, kwa hiyo nikatafuta mahali ambapo hapaguswi. Nikaona kikapu kidogo cha kahawa ya wageni.

Kwetu mgeni wa heshima haachwi aondoke bila kahawa ya kutafuna, na ina kikapu chake chenye mfuniko, kinakaa juu ya kabati hadi aje mtu mkubwa. Tangu Pasaka hakuwa amekuja mtu mkubwa. Nikainua jani la mgomba lililotandikwa chini, nikamimina vipande, nikafunika. Padre nikamrudishia kopo limefungwa kamba, mafundo manne, nikamwambia tusilifungue unyevu usije ukaingia.

Bruda Rufini akaja na basi kutoka Bukoba, na nani akatumwa Muleba kumpokea mzigo, ni mimi. Njia nzima ananieleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mashine hudanganya jicho, kijana, lakini haidanganyi kidole," na mimi nimebeba begi kichwani natafuta mahali pa kuanzia kuungama, kila nikitaka kusema tunakutana na mtu wa kumsalimia.

Nikajipa moyo kwamba mambo yatafanyika kwa Padre, watu watatu tu. Kumbe Padre ameamua kunitendea wema. Jumapili baada ya Misa akatangaza, mbele ya kanisa zima, kwamba atakuja nyumbani kwa Ma Fideli ili karata zitazamwe pale, kusudi mama aone kazi ya mwanawe. Mama akakaanga senene, wale panzi wetu wa kuliwa, tangu asubuhi. Uani wakajaa majirani, balozi wetu wa nyumba kumi akachukua kiti cha mbele na miwani yake, na mimi nikakalishwa katikati na daftari kama bwana harusi.

Bruda akatoa kioo chake cha kukuzia. Akatazama rangi, akasema, "Vizuri." Akatazama pindo, akasema, "Vizuri sana," na Padre akajinyoosha kwenye kiti. Halafu akapitisha kidole pembeni.

"Pembe ni za mviringo," akasema.

"Hapana," Padre akasema. "Zinachoma."

"Za mviringo, Padre. Zote. Na hapa kwenye hii kulikuwa na muhuri, umebaki ukingo tu, hausomeki." Ilikuwa karata ya doa. Lile doa la mtu mchafu, ndilo muhuri wenyewe, nami niliukata katikati. "Naona huyu ni mchapaji wa baadaye aliyeiga kazi ya zamani. Au kuna mtu alizikata?"

Akanitazama. Balozi akanitazama. Uani mzima ukanitazama, pamoja na mbuzi.

"Nilizikuta hivyo, Bruda," nikasema. "Hata daftarini imeandikwa."

Padre akanyoosha mkono, akapewa karata moja, akaipapasa pembe kwa kidole gumba, polepole, mara mbili tatu. Akasema, "Nilidhani zilikuwa zinachoma. Basi hata vidole vimezeeka." Akairudisha. "Mama alikuwa ananipenda, ndiyo maana akatunga." Na akajaribu kucheka, na hapo, jamani, ningeweza kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini mimi nikageuka nikamfukuza mbuzi.

Mama, akiona mgeni amehuzunika kwenye uwanja wake, akasema, "Fideli, lete kikapu cha kahawa."

"Kile kimeingia mchwa, Mama."

"Mchwa wa lini?"

"Wa jana."

Akaniangalia namna yake, akaingia ndani mwenyewe. Nikamsikia anamimina kahawa mpya, nikamsikia anakitikisa kikapu ili isambae (jani langu lilikuwa limekauka na kupasuka zamani), akatoka, akapiga magoti mbele ya wageni kama inavyopasa.

"Karibuni kahawa, waitu," akasema kwa heshima ya kwetu.

Padre akachukua mbili. Bruda, ambaye alikuwa bado anapekua daftari langu, akachota bila kutazama akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatia vidole mdomoni akatoa kitu, akakifuta kwenye kanzu, akakiweka kiganjani akakitazama kwa kile kioo, kikiwa na ukucha mmoja wa kuku. Kisha akaitafuta karata ya Ibilisi, akakiweka kwenye pembe yake ya chini. Kikakaa sawasawa.

Mama akakipindua kikapu mkekani. Kahawa ikabingirika, na juu yake vikamwagika vipande vya rangi kama mvua ya maua ya maandamano ya Ekaristi.

"Mchwa hao," akasema balozi.

Nikaungama pale pale, kwa magoti, mbele ya watu wote, bila wavu wa kitubio, nikianzia na vigae vya paa. Nilitegemea Padre anichape na fimbo yake, na ningeona ni haki. Lakini yeye alikuwa anapapasa mkekani, akaokota kipande, kikamchoma kidoleni, na uso wake ukafunguka.

"Kwa hiyo zilikuwa zinachoma," akasema. "Bruda, zilikuwa zinachoma."

"Zilikuwa, Padre. Sasa tuupate muhuri."

Basi watu wakashuka mkekani. Balozi akatangaza kwamba hii nayo ni kazi ya ujamaa na hakuna kuondoka, wanawake wakaketi kama wanavyoketi kuchambua kahawa, wakavitenga vipande kwa rangi, vyekundu huku, vya bluu kule, na mimi nikapewa kazi ya kufukuza kuku. Saa nzima nilikuwa naomba Mungu Bruda asiwe amekitafuna hicho kimoja. Mama ndiye aliyekipata. Mwanamke ambaye anaweza kuona punje mbovu moja kwenye gunia la kahawa hawezi kupotewa na muhuri. Alimwekea Bruda kiganjani.

Bruda akakiunganisha na karata ya doa, akainama na kioo chake hadi nikadhani amesinzia. Kisha akasema muhuri ule uliachwa kutumika kabla babu yake Padre hajazaliwa, na kwamba pakiti kama hii, yenye pindo na pembe kali, haiwezi kuwa ya mashine.

Padre akatoa leso. "Basi alisema kweli," akasema, na akala senene sahani mbili, mtu ambaye miaka yote husema tumbo lake halipatani nao.

Nilipumua hadi mbavu zikauma. Adhabu ilikuwa nyepesi kuliko kosa: nirudishe kila kipande mahali pake kabla shule haijafunguliwa, na nimsomee Padre kwa sauti neno lile "kali, zote" ambalo bado lilionekana chini ya alama za raba. Nimeapa kwamba kitu cha mtu nikikabidhiwa na pembe, kitarudi na pembe, hata kama kitanichoma mpaka nitoke damu, na Kamugisha akicheka, acheke.

Mama hakunigusa wala kunisemesha mbele ya wageni. Aliwasindikiza hadi mwisho wa kibanja chetu cha migomba, akarudi, akakikung'uta kile kikapu, akakiweka mbele yangu, akasema:

"Mama yake Padre alisema neno moja, likavuka bahari, likakaa miaka yote hii halijaoza. La kwako la mchwa halikufika hata mlangoni. Koroga uji wa gundi, uanze na miguu ya Ibilisi."