Gesti ya Mbeya, Mimi na Baba

Jamani, leo nimenyimwa chumba kwa sababu ya baba yangu mzazi!

Tumetoka Iringa, kesho tunapanda meli ya Ziwa Nyasa kule Kyela. Hapa Mbeya gesti za bei yetu zote zimejaa. Jioni hii tukapata moja, vitanda viwili.

Dada wa mapokezi akatuangalia juu mpaka chini.
"Hapa hatupokei wazee wanaokuja na mabinti."

Na baba ni mzee wa kanisa! Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mara mama akapiga. Nikaweka spika.
"Mmefika? Mwambie baba yako ameze dawa ya presha!"

Dada akacheka, akaomba radhi, akatupa ufunguo.

Nimepumua!

Hivi na wewe umewahi kudhaniwa mchepuko wa baba yako?