Ncha ya Pili ya Shuka

Wilhelmina wa Nansio hakuwahi kukosa la kusema. Siku alipovuka kuja Mwanza kutafuta kazi, feri ilitia nanga abiria wenzake wakiwa wanajua hadi majina ya mbuzi wa baba yake. Miaka mingi sasa anafua kwenye nyumba moja ya wageni huko Pasiansi, mdomo na mikono vikienda pamoja.

Kisha akaletewa msaidizi, Shamsa, mjane kijana aliyetoka eda karibuni. Shamsa aliamkia, akafua, akaondoka. Ukimuuliza hiki, "Ndiyo, mama." Kile, "Hapana, mama." Wilhelmina akaona binti anaringa.

Shuka za sita kwa sita hazikamuliwi na mtu mmoja. Huyu hushika ncha hii, mwenzake ile, kila mmoja akasokota upande wake hadi maji yaishe. Wilhelmina alikuwa anazikamua huku akipiga soga peke yake.

Asubuhi moja alikuja shavu limevimba kwa jino, kinywa hakifunguki. Wakashika shuka, naye akahisi inatetemeka. Akadhani ni upepo wa ziwani. Upepo haukuwepo. Ilikuwa mikono ya Shamsa.

Hakuuliza, jino lisingemruhusu. Akaanza kusokota polepole, akilegeza Shamsa anapovuta, akivuta anapolegeza, kama wanaobembeleza mtoto. Maji yalikuwa yamekwisha kitambo. Hawakuacha.

"Abeid ndiye alikuwa ananishikia ncha ya pili," Shamsa akasema ghafla. "Kule nyumbani. Alikuwa anavuta makusudi ili nimwangukie."

Wilhelmina akavuta. Kwa nguvu. Shamsa akaja mzimamzima, akamgonga kifuani, na palepale kilio alichokibana tangu msibani kikatoka. Wilhelmina akamkumbatia, shuka mbichi katikati yao, akiguna tu, "Mm. Mm."

Shamsa alipoinua kichwa alimkuta naye analia.

"Mama, na wewe?"

"Jino," Wilhelmina akajikamua kusema. "Umenigonga jino!"

Wakacheka hadi wakakaa chini.

Jino liling'olewa wiki hiyohiyo. Siku hizi wakishika shuka, Wilhelmina hunyamaza kwanza, akasikiliza kwa mikono, ndipo aseme, "Leo hukulala vizuri, mwanangu." Na Shamsa humweleza kwa kirefu, Abeid alivyokoroma, alivyopenda sato wa kuchoma, mpaka meneja achungulie dirishani na kuuliza kama wageni walale kwenye magodoro matupu.