Unga wa Sisimizi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni. Juzi hapa Mhindi wa duka la jirani alikuwa akiwanyunyizia sisimizi unga, wajukuu zangu wakimcheka.

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu Unguja, ua wetu ukinuka bizari ya kukaangwa. Jirani yetu, bibi wa Kihindi asiye na mtoto, alinyunyiza unga kama huo mlangoni pake. Mimi nilidhani anatuloga. Shangazi akatoka na birika, akawamwagia sisimizi maji ya moto.

“Haya, waite wanao waje kula,” akamwambia jirani.

Bibi yule akapiga magoti, akawa anawaokota mmoja mmoja. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa najua: kwa dini yao kongwe, kumlisha sisimizi ni sadaka, kumuua ni dhambi.

Nikawaambia wajukuu, “Atakayemcheka tena Mhindi yule hatakula kwangu.”