Onyo la Hatua ya Saba

Pendekezo lilikuja na kichwa cha maneno mawili: "Usafi tu." Mimi nikiyaona maneno hayo napandwa na hasira kabla sijasoma mstari wa kwanza. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikagua, bila mshahara, mabadiliko yanayofanywa kwenye mwongozo wa Kiswahili wa kusakinisha mfumo mmoja wa kompyuta, ule usiouzwa, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuurekebisha. Kila mtu, maana yake hata asiyejua. Nimeshakataa tafsiri iliyomwambia msomaji aipige kompyuta buti, kumbe alitakiwa tu kuiwasha. Nimeshagombana wiki nzima na mtu kwa sababu ya koma. Lakini hao wa "usafi tu" ndio wanaonimaliza, kwa sababu chini ya kichwa hicho hufichwa kila kitu.

Safari hii msafishaji alikuwa mwenzetu mmoja wa mbali, mpole, mwenye bidii, ambaye sijawahi kumwona sura. Aliona maonyo yametapakaa ukurasa mzima na kuuharibu. Akayaokota yote, akayapanga vizuri mwishoni, chini ya kichwa "Mambo ya Kuzingatia". Aliokota hata lile la hatua ya saba: "Ukiendelea, kila kitu kilichomo kwenye diski kitafutika. Hamisha faili zako kwanza." Hatua yenyewe sasa ilisema tu: "Chagua diski, kisha bonyeza Endelea." Safi kabisa!

Nilitaka kulia. Huyu bwana hajawahi kuishi Kindu, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Hapa ukurasa hufika nusu. Koneksio ya intaneti inakatika, umeme unakatika, simu inazima, na kilichowekwa mwishoni hakifiki. Tena hata ukifika wote, mtu aliye kwenye hatua ya saba anabonyeza akiwa kwenye hatua ya saba, hangoji amalize ukurasa. Hilo nalo linahitaji kuelezwa?

Na mimi nilikuwa na mtu wangu wa kumfikiria, sekretari wa shule moja ya sekondari huko Kailo. Kompyuta ya shule yake ilikuwa imejaa virusi, na ndani yake mlikuwa na matokeo ya wanafunzi wote tangu vita viishe. Nakala nyingine haikuwepo popote, kwani makaratasi yalikwishaliwa na mchwa. Aliniambia angesakinisha mwenyewe Jumatatu, saa ya mapumziko, akifuata mwongozo wetu kwenye simu yake. Nami nikamjibu kwa majivuno: "Wewe soma tu hatua kwa hatua. Kila kitu tumeandika, na la hatari tumeliweka juu."

Hasira yangu juu ya jambo hili ni ya zamani kuliko mwongozo wenyewe. Wakati wa vita nilikuwa mwendesha foni hapa mjini, ile redio ya mawasiliano iliyofungwa kwenye bateri ya gari, nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu Kaskazini. Treni haikuja, barua hazikuja, basi watu walikuja kwangu. Nilikuwa mkali. Salamu moja, habari, kwaheri, maana bateri ilikuwa ndogo na foleni ndefu. Niliwakatiza wazee wenye heshima zao, wakaninung'unikia, sikujali.

Kisha siku moja akaja mama yangu mwenyewe. Kaka yangu mkubwa alikuwa mahali paitwapo Kama, akichimba dhahabu, na mama alitaka arudi nyumbani. Mwenye foni wa kule alikuwa ameshamwita kaka, amesimama pale anasikiliza. Mama akaketi juu ya kreti tupu, akatengeneza kitambaa chake kichwani kana kwamba mwanawe angemwona, akaanza kusema, nami nikawa narudia nyuma yake, neno baada ya neno, kwenye redio.

"Musalimie, muambie jambo. Muambie sisi wote tuko wazima. Muambie dada yake amezala, mutoto iko muzuri, anafanana na yeye. Muambie mbuzi yake bado iko. Muambie akuje, ninamungojea. Lakini asipite na barabara kubwa, kuko watu wa bunduki. Apite mu pori."

Ningekuwa nimemkatiza mtu mwingine yeyote. Mama sikuweza. Nilisema, "Ukuje, mama anakungojea, yaya," maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, nikamsikia akicheka kule Kama, halafu taa ndogo ya redio ikazima kabla sijayasema ya barabara. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, yaliyobaki tutamwambia kesho.

Kesho yake mwenye foni wa Kama akaniambia kaka alikwishaondoka, saa ile ile, kwa furaha, hata viatu vyake vya kazi aliviacha. Hakufika. Mpaka leo hatujui aliishia wapi kwenye barabara ile. Mama ni mzee sasa, na siku nyingine husema, "Hata hivyo, salamu zilimufikia." Akisema hivyo mimi hutoka nje, kwa sababu nikibaki nitamjibu vibaya.

Sasa unicheke. Nilipokaa kujibu lile pendekezo, nilijiambia nisiwe mkali, maana wenzangu wa mwongozo wameshalalamika kuhusu mdomo wangu. Katika kikundi chetu cha mazungumzo nikaandika ujumbe wa kwanza: habari za huko, pole na kazi, hongera, ukurasa unapendeza kweli. Kisha nikaandika wa pili: lakini onyo la hatua ya saba lisiguswe, libaki juu. Wa kwanza ukaenda. Wa pili ukabaki na ile alama ya saa pembeni, koneksio ikafa, nami nikaweka simu mfukoni nikijua utaondoka wenyewe. Hiyo ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu asubuhi koneksio ikarudi, na jibu likaingia: "Asante sana kwa kukubali! Tumeshachapisha." Nikafungua ukurasa, nikaona hatua ya saba imesimama uchi. Mimi, baada ya yote yaliyotupata, nilikuwa nimetanguliza salamu. Nikajitukana kwa Kiswahili, nikajitukana kwa Kifaransa, na bado sikutosheka. Halafu nikatazama saa. Kailo walikuwa wameshaingia mapumziko.

Simu ya kwanza haikuingia. Ya pili ikaita, ikakatika. Ya tatu akapokea, nyuma yake kelele za wanafunzi uwanjani.

"Usibonyeze!" nikapiga kelele. "Usibonyeze kitu! Toa mukono!"

Nilidhani laini imekufa, nikamwita tena.

"Papa," akasema, yaani baba, kakasirika kweli, "hata jambo?"

"Uko kwa hatua gani?"

"Ya saba. Njo sasa hivi nilikuwa nataka kubonyeza, unanipigia kelele sawa na mutoto."

"Umetoa mukono?"

"Nimetoa. Lakini papa, siku hizi hatusalimiane tena?"

"Jambo iko kwa mwisho," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka, naye akasikia, akaacha kununa.

Nikamweleza ya diski. Nikamwambia atoe faili zote kwanza, aziweke kwenye flashi mbili, arudie nilichosema. Akarudia neno kwa neno. Nikamwambia arudie tena, akarudia. Ndipo nikaanza kumsalimia. Nikamuuliza alivyoamka, mke wake, watoto wake mmoja mmoja, shamba, baba mkwe mwenye mguu mbaya. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwa mama yake mzazi laini ilipokatika.