Chungu cha Msiba cha Najamai

Najamai, jirani yangu wa mlango wa pili hapa kwenye mtaa wetu wa Waparsi, Bombay, ana makuu, na kupika anajua. Hilo la pili namkubalia shingo upande. Mwanawe wa pekee, Mehli, ana miaka arobaini na moja, na mpaka juzi hata soksi alinunuliwa na mama. Sasa Mehli huyo akampenda Frenny, mwalimu wa piano, mtalaka. Wazazi wa Frenny wakaahidi kuja Jumamosi na sinia la uchumba.

Najamai hakusema hapana. Thubutu! Watu wangemsema. Alichekacheka tu, na Jumamosi yenyewe asubuhi akaniita nimsaidie kumenya vitunguu.

Nikakuta nyama ya mbuzi inatokota na dengu, boga, biringani na majani ya uwatu. Pembeni sukari inaungua kwenye sufuria ya wali, ipate ile rangi ya kahawia.

"We Najamai, unapika dhansak? Leo?"

"Kwani leo kuna nini?"

"Usijitie hamnazo! Jumapili za kawaida tunajilia, sawa. Lakini siku ya posa ni wali mweupe na samaki. Hiki ni chakula cha siku ya nne, mtu akishakufa!"

"Wewe menya vitunguu," akasema. "Wenye akili wataelewa."

Mwoneni, mtu mzima ovyo! Ameshindwa kufungua mdomo, anatuma chungu kimsemee. Nami, aibu yangu, nilimenya. Nilitaka kuona atafika wapi.

Wageni walinusa tangu kwenye ngazi. Baba yake Frenny alisimama mlangoni na sinia mikononi, uso umemshuka. Mkewe akamvuta shati, warudi. Frenny alikuwa anatazama viatu vyake.

"Karibuni, karibuni!" Najamai akaimba huku anapakua. "Nimewapikia kwa mikono yangu mwenyewe."

Mehli aliitazama sahani, kisha akamtazama mama yake. Nikajua atameza mate na kukaa, kama alivyozoea.

"Nani kafa, mama?"

"Hebu kaa ule, mwanangu. Chakula ni chakula."

"Hiki wanakula waliofiwa. Maiti ndiye mimi, na maiti hali chakula." Akalipokea sinia kwa yule mzee. "Twendeni, baba. Uchumba tutaufanyia kwenu."

Wakashuka. Mehli hata koti hakuchukua.

Najamai alibaki na mwiko mkononi, akanitazama nimwambie neno la kumpoza. Sikumpa. Nilimchukia, na nilijichukia mimi na vitunguu vyangu. Hatua zilipokwisha ngazini, aliketi, akaivuta sahani ya Mehli, akala. Naapa, alikula yote huku machozi yanamtoka, na alipomaliza akaniuliza kama chumvi ilitosha.